Aliyeumia Arudi Kazini

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni Jumapili asubuhi. Fungu la kusoma: Kutoka 21:18-19)

 

Fungu letu halisomwi sana makanisani. Watu wengi wakiisha kusoma Amri Kumi katika Kutoka sura ya 20 hufunga kitabu, kwa maana sura inayofuata ina habari za ng'ombe wapigao watu pembe, mashimo yaliyoachwa wazi, na watu waliogombana. Lakini katika mistari ya 18 na 19 Musa aeleza jambo hili. Watu wawili wamegombana, na mmoja amempiga mwenziwe kwa jiwe au kwa ngumi. Aliyepigwa hakufa, bali amelazwa kitandani. Baadaye ameinuka, naye anatembea nje akitegemea fimbo yake. Je, yule aliyempiga amekwisha kuwa huru? Hatahesabiwa kuwa mwuaji, lakini deni lake halijesha. Yampasa alipe mambo mawili: alipe siku zote ambazo mwenziwe hakuweza kufanya kazi, tena agharimie uuguzi wake mpaka apone kabisa.

Angalieni vizuri, ndugu zetu. Sheria hii haikutazama kidonda peke yake. Ilitazama pia kazi iliyolala. Waisraeli jangwani hawakuwa na hospitali wala ofisi ya kazi, walakini walijua kwamba mtu akiumizwa hupoteza vitu viwili, afya yake na kazi yake, na kwamba kumrudishia kimoja si kumrudishia vyote. Tena itazameni ile fimbo. Mtu huyu ametoka kitandani lakini hajapona. Watu wanamwona njiani na kusema, "Bwana asifiwe, fulani anatembea." Lakini bado hajarudi shambani kwake. Yuko katikati. Habari za mtu huyo wa katikati ndizo tunazotaka kuzungumza leo.

Nchini mwetu mtu huyo yuko kila mtaa. Ni kijana wa bodaboda aliyevunjika paja akatiwa vyuma. Ni mfanyakazi wa mjengo aliyeteleza kutoka ghorofa ya tatu. Ni mama aliyekatwa mguu kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, na karani aliyepatwa na kiharusi upande mmoja. Wote wameinuka. Ibada ya shukrani imefanywa, nyimbo zimeimbwa, chai imenywewa, na turubai limekunjwa. Kisha kila mtu amerudi kazini kwake, isipokuwa yeye.

Katika parokia moja tuliyopata kuhudumu palikuwa na baba mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao kwa muda wa miaka 18. Siku moja msumeno ulimkamata mkono wa kuume, ukaondoa vidole vinne, ukaacha kidole gumba peke yake. Akina mama wa Umoja walikwenda nyumbani kwake kwa zamu. Wanaume wa KAMA walilipa karo ya watoto muhula mmoja. Hakuna aliyemwacha. Baada ya miezi minane tulimkuta ameketi chini ya mwembe wake, mkono ameuficha ndani ya koti ingawa jua lilikuwa kali. Tulipomwuliza habari, alijibu kwa upole: "Mchungaji, watu wa Mungu wameniletea sukari tangu mwezi wa tatu. Sukari imejaa kabatini. Lakini habari za kazi hakuna aliyeniletea."

Msidhani huyu alikuwa mtu asiye na shukrani. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hiyo hutumiwa kumfukuza mgeni mvivu, lakini ndani yake mna heshima kubwa. Anayepewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumba. Anahesabiwa pamoja na wengine, na siku ya mavuno ataketi bila kuona haya. Sasa mtazameni mtu aliyeumia. Siku ya tatu yapita hapewi jembe, mwezi wa tatu wapita, mwaka wa tatu wapita, naye bado anaandaliwa chai kama mgeni, tena ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe! Watoto wanaambiwa wasimsumbue. Mkutano wa ukoo unafanywa, maamuzi yanafikiwa, naye anaarifiwa baadaye. Hakuna aliyekusudia kumdharau. Lakini sukari bila jembe, ikiendelea mno, huwa uchungu.

Kwa kuwa tulitaka kujua, tuliketi naye siku nyingi. Tuliona kwamba kilichomzuia asirudi kazini hakikuwa vile vidole vinne tu. Kwanza, vidole visivyokuwepo vilikuwa vinamwuma usiku. Alikuwa hajamwambia mtu, kwa hofu ya kuambiwa amerogwa au amepagawa. Wasikilizaji wetu, jambo hili si uchawi. Madaktari wanalijua sana. Mishipa ya fahamu iliyokatwa huendelea kupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo nao bado unaukumbuka mwili mzima kama ulivyokuwa. Aliyekatwa mguu aweza kuhisi unyayo unawasha. Ziko dawa za kupunguza maumivu hayo, na wako waalimu wa mazoezi ya viungo wanaotumia kioo: mgonjwa hutazama mkono mzima ukisogea kiooni, na wengine hupata nafuu. Aliye na shida hiyo na amwambie daktari bila aibu.

Pili, alikuwa na woga. Kila alipopita barabarani na kuusikia ule msumeno, jasho lilimtoka. Yeye, mwanamume mzima, hakutaka mtu ajue.

Na tatu, hili ndilo lililotushangaza, palikuwa na kimya kati yake na tajiri wake. Hakufukuzwa, wala hakuitwa. Tulipokwenda kumwona tajiri huyo, pamoja na mzee mmoja wa kanisa aliyewahi kuwa msimamizi wa vibarua, tulikuta si mtu mbaya. Alidhani kumwita mtu aliyeumia ni kumsumbua. Naye aliyeumia alidhani kutoitwa ni kufukuzwa. Miezi minane ilipita hivyo, kila mmoja akimhurumia au kumwogopa mwenziwe, na barabara kati yao haikuzidi kilomita mbili.

Tajiri aliuliza swali la haki: "Hawezi kuinua gogo, hawezi kusukuma mbao kwenye mashine. Atafanya nini hapa?" Yule mzee wetu akamjibu kwa swali: "Miaka 18 ndani ya mbao imemfundisha nini?" Ndipo mazungumzo yakabadilika. Mtu yule aliweza kulitazama gogo la saipresi na kukuambia litatoa futi ngapi. Aligusa ubao akajua kama umekauka au la. Alijua ni mteja gani hulalamika bure na ni nani hulalamika kwa haki. Mambo hayo hayakuwa katika vile vidole vinne. Basi akapewa kazi ya kupima na kuandika mbao zinazoingia na kutoka, nusu siku kwa mwezi wa kwanza, mbali na mashine.

Kuandika kwa mkono wa kushoto alifundishwa na binti yake wa darasa la pili, kila jioni, katika daftari la mistari mipana. Fundi mmoja wa jua kali alimtengenezea kibao cha kuandikia chenye mkanda wa kuvaa shingoni, hata asihitaji mkono wa kukishikia, na ncha ya futi ya kupimia ikatiwa kulabu ya kujishika kwenye ubao. Gharama ya vitu hivyo ilikuwa ndogo kuliko ya sukari ya miezi miwili.

Hatutaki kuipamba habari hii. Juma la pili alibaki nyumbani, maana vijana wa kiwandani walikuwa wamempa jina la utani la mkono wake. Mkewe ndiye aliyemsindikiza asubuhi ya tatu mpaka langoni, akasimama hapo mpaka alipoingia. Tena mshahara wa kazi ile ulikuwa chini ya ule wa zamani. Lakini mwezi wa nne alifanya kazi siku nzima, na koti akaliacha nyumbani.

Maandiko Matakatifu yana habari nyingi za namna hii ambazo twazipita haraka. Yakobo, katika Mwanzo sura ya 32, aliteguka nyonga usiku ule penye kivuko cha Yaboki, na jua lilipomchomoza alikuwa akichechemea. Alikuwa na wake, watoto na makundi ya wanyama wa kuwaongoza. Siku ile ile alikutana na ndugu yake Esau, naye Esau akamwomba wafuatane. Yakobo akakataa kwa adabu. Alisema atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto na wa wanyama wenye kunyonyesha. Twasoma mara nyingi kama hila ya Yakobo, na labda ilikuwamo hila kidogo, tunamjua. Lakini mtu aliyeteguka nyonga jana usiku hawezi kwenda kwa mwendo wa Esau na watu wake mia nne. Hakuacha kazi yake ya kuchunga, alibadili mwendo. Kuna wagonjwa wanaoharibika kwa sababu siku ya kwanza wanataka kutembea na Esau. Na kuna waajiri ambao hawajui mwendo mwingine.

Musa naye alikuwa mzito wa kunena. Kutoka sura ya 4 yaonyesha kwamba Mungu hakumwondolea ulimi ule mzito, wala hakumwondolea kazi. Alimpa Haruni wa kusema kwa niaba yake, akamwachia na ile fimbo ya kuchungia aliyokuwa amezoea kuishika. Msaidizi mmoja na chombo alichokizoea: hivyo tu, na kazi ikafanyika mbele ya Farao. Wakati mwingine twaomba muujiza wa ulimi, wakati Bwana amekwisha kumtuma Haruni na yuko njiani anakuja.

Sheria ya nchi yetu yafanana na ile ya Musa, na inafaa kila mfanyakazi aijue. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ilipitishwa mwaka 2007. Yamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Mtu akiumia kazini, mwajiri hugharimia matibabu, pamoja na magongo na kiungo cha bandia kikihitajika. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hulipwa kwa muda usiozidi miezi 12. Akiwa ameharibika asiweze kazi tena kabisa, fidia yake huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, yaani miaka minane. Na aliyebaki na ulemavu wa kiasi hupata sehemu yake kwa kadiri hiyo. Mwajiri akiisha kujua habari ya ajali ana siku 7 za kumpelekea taarifa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na ikiwa mtu amefariki ni saa 24. Madai nayo yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hii tarehe 3 Desemba 2019, nayo njia ni kuanza kwa Mkurugenzi huyo, si kukimbilia kortini. Kwa hiyo mwogopeni yule mtu msiyemjua anayekuja wodini na karatasi za kutia sahihi, akiahidi kuwaletea pesa nyingi na kuchukua fungu lake. Nendeni ofisi ya kazi wenyewe.

Tena mtu hafai kufutwa kazi kwa sababu tu amepata ulemavu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yataja haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2025 ilipatikana sheria mpya juu yao badala ya ile ya 2003, yenye kutaka nafasi 5 za kazi katika kila 100 zitengwe kwa ajili yao. Aliyebaki na ulemavu wa kudumu apimwe katika hospitali ya serikali, ajiandikishe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Wako wanaoona haya kujiandikisha. Wanasema, "Mimi si kilema, niliumia tu." Twaelewa. Neno hilo liliumiza watu wengi zamani, ndiyo maana twaliepuka. Lakini kadi ya kukusaidia haikupunguzii utu.

Hata hivyo sheria ina mipaka yake. Yaweza kulipa siku zilizopotea, lakini haina mkono wa kumshika mtu asubuhi ya kwanza langoni. Tena yamhusu aliye na mwajiri. Je, mama mboga aliyevunjika mkono? Kinyozi? Kijana wa bodaboda mwenye pikipiki yake? Hao hawana mwajiri wa kudaiwa. Lakini ukifikiri sana, mwajiri wa mama mboga ni sisi tunaonunua kwake. Alipolazwa, wateja wake walihamia kibanda cha pili, kama ilivyokuwa lazima, maana watu hula kila siku. Amerudi sasa, anakata sukuma kwa mkono mmoja polepole, na wateja wamezoea kule. Kumwombea ni vema sana. Kurudi kununua kwake na kungoja dakika mbili zaidi ndiko kutakakomrudisha kazini.

Hapa tuna neno ambalo huenda halitawapendeza wote. Kwa nini kila aliyevunjika mguu hupewa cherehani, au hufundishwa kushona viatu? Twajua kijana mmoja, fundi hodari wa nyaya za umeme, aliyepooza miguu baada ya kuanguka. Jamaa zake walifanya harambee, wakamnunulia cherehani mpya kabisa. Cherehani ile ilikaa pembeni ikifunikwa kitambaa kwa mwaka mzima. Hakuwahi kushona hata kifungo maishani mwake, wala hakuulizwa. Walichokiona ni miguu isiyosimama. Hawakuona kichwa kinachojua umeme. Siku moja jirani alimletea redio mbovu kwa ajili ya kumpotezea wakati tu. Akaitengeneza. Akaletewa nyingine, kisha simu, kisha kipaza sauti cha kanisa. Cherehani iliuzwa, na kwa pesa zake akanunua kifaa cha kulehemu na meza ya urefu wa kumtosha akiwa katika kiti cha magurudumu. Kushona ni kazi njema, na wengi inawafaa. Lakini kabla ya kufungua mfuko, mwulizeni mwenyewe.

Wale wasioweza kurudi katika kazi ya zamani nao wana mahali pa kwenda. Vipo vituo vya serikali vya kufundisha ufundi watu wenye ulemavu, kama Machakos, Embu, Kericho na Bura kule Taita. Mombasa yapo makarakana ya Bombolulu, yaliyoanzishwa mwaka 1969 na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, ambacho chenyewe kilianza mwaka 1958. Humo wametengeneza mapambo, nguo na vinyago vilivyouzwa mpaka ng'ambo. Twavishukuru vituo hivyo. Walakini palipo na uwezekano, mtu na arudi pale pale alipokuwa, kati ya wenzake wanaomjua, hata kama ni kwa kazi nyingine.

Wasikilizaji wa umri wetu na wanaotuzidi wanaikumbuka Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998 mjini Nairobi. Watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakaumia. Wengi waliopofuka walikuwa watu wa ofisini. Walisikia kishindo cha kwanza, kidogo, wakaenda madirishani kutazama. Kishindo cha pili kikawakuta na vioo. Makarani, waandishi, waalimu, watu ambao kazi yao ilikuwa karatasi, wakawa hawaioni karatasi. Walianza upya: kutembea kwa fimbo nyeupe, kusoma nukta nundu kwa ncha za vidole, kupiga taipu bila kuziona herufi. Bwana Douglas Sidialo, aliyepoteza macho siku hiyo, aliupanda mlima Kilimanjaro mwaka 2005, na nchi nzima ikamshangilia. Tulishangilia pia. Lakini twasema na waajiri: msingoje mtu apande Kilimanjaro ndipo mwamini anaweza kupokea simu. Aliyepofuka si lazima awe shujaa. Wengi wanataka kiti chao, meza yao, na ratiba ya kawaida ya saa mbili asubuhi.

Kwa ninyi mnaomwuguza aliyevunjika uti wa mgongo, tuna habari ya daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani akaenda Uingereza mwaka 1939. Mwaka 1944 alipewa wodi ya askari waliopooza katika hospitali ya Stoke Mandeville. Siku hizo watu kama hao walilazwa wafe, na wengi walikufa upesi, si kwa uti wa mgongo bali kwa vidonda vya mgongoni na ugonjwa wa mkojo. Guttmann aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wauguzi: akawapa kazi. Wengine walifanya useremala, wengine walitengeneza saa. Baadaye aliwaingiza na katika michezo, nayo ndiyo asili ya michezo ya Olimpiki ya walemavu inayofanyika mpaka leo. Lakini michezo ilikuwa njia. Alikuwa na shabaha ya kuona mgonjwa wake anarudi nyumbani akilipa kodi kama mtu mwingine yeyote. Basi kumbukeni saa mbili zile za kugeuza. Kidonda cha mgongoni chaweza kumrudisha mtu kitandani mwaka mzima, na nafasi yake ya kazi ikapotea.

Tajiri unayetusikiliza, unaye mtu wako aliyeumia. Mpigie simu juma hili, hata kama hujui utamwambia nini. Mwulize anaendeleaje, mwambie nafasi yake iko. Daktari akikubali, mwite aje akae saa moja na wenzake kabla ya siku ya kuanza. Umwanzishe na nusu siku. Tazama kazi kwa macho yako: kanyagio la mguu wa kuume laweza kuhamishiwa kushoto? Stoo yaweza kuteremshwa kutoka ghorofa ya pili? Na nyapara wako mweleze mapema, kwani mipango mizuri ya ofisini huweza kuvunjwa na nyapara mmoja mwenye ulimi mbaya.

Kwa wazee wa kanisa tuna jambo dogo la mikono. Makanisa mengi yetu yana ngazi tatu mlangoni. Siku hizi twajenga njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, na hilo ni jema, lakini fundi asipoongozwa huijenga kama paa la nyumba. Kipimo ni hiki: kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45. Basi njia iwe na urefu wa karibu mita tano na nusu. Ndiyo, itakula sehemu ya bustani ya maua. Pia mtazameni aliyeumia alikuwa akifanya kazi gani kanisani. Kama alikuwa mwimbaji, bado ana sauti. Kama alikuwa mweka hazina, hesabu haziko mguuni. Tumeona mtu aliyerudi kusoma somo la kwanza akiwa ameketi, na kwa kusoma kule akapata moyo wa kwenda kumwona tajiri wake Jumatatu.

Nawe uliyeumia, ambaye labda umeketi chini ya mti wako ukitusikiliza: hatukuambii kwamba ni rahisi. Tunakukumbusha tu habari iliyo katika Yohana sura ya 21. Bwana Yesu alikuwa amefufuka, na alama za misumari bado zimo mikononi. Tomaso alikuwa amekwisha kuzionyeshwa. Wanafunzi walikuwa ziwani usiku kucha bila kupata kitu. Alfajiri walipofika pwani walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nani aliyeuwasha moto ule? Nani aliyegeuza samaki asiungue? Alikuwa na malaika wa kutosha. Alifanya mwenyewe, kwa mikono ile ile yenye makovu.

Na tuombe. Ee Bwana, yuko mtu ambaye kesho Jumatatu atarudi kazini kwa mara ya kwanza tangu alipoumia. Ameiweka nguo yake tayari, na usiku huu hatalala vizuri. Umpe gari lisilomwacha kituoni. Umpe langoni mtu wa kumwita kwa jina lake. Saa nne mwili utakapochoka, umpe mahali pa kuketi bila kuonewa. Na jioni watoto wake wakimwuliza, awe na la kuwasimulia. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.